Bustani Iliyomezwa na Magugu Haijafa

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeizoea sana. Tunaiandika katika insha, mwalimu anatia alama ya vyema, kisha tunaisahau tukifika nyumbani. Lakini ukitoka soko la Tabaka na kufuata njia yoyote ya kwenda vijijini, utaona mbachao mwingi ulioachwa. Nyuma ya nyumba nyingi kuna kipande cha ardhi ambacho zamani kilikuwa bustani ya mboga, na siku hizi ni kichaka. Kishonanguo kimefika kifuani, kuku wanataga humo bila mwenyewe kujua, na jioni mtoto anatumwa sokoni akanunue sukuma wiki ya shilingi ishirini!

Katika makala haya nataka kueleza namna ya kufufua bustani ya aina hiyo. Mimi si mtaalamu. Kazi hii niliianza mwezi wa Januari mwaka huu, na kabla ya hapo jembe nililishika kwa kutumwa tu. Haya ninayoyasema nimeyapata kwa kuwauliza wazee, katika somo la Kilimo, na kwa mikono yangu miwili. Jambo kuu ni moja: bustani iliyoota msitu haijaharibika. Mara nyingi udongo wake una nguvu kuliko ule wa shamba linalolimwa kila msimu. Anayeanza kwa kufyeka na kuchoma kila kitu anatupa mali bila kujua.

KWA NINI KICHAKA HUOTA UPESI

Tabaka iko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja. Katika nchi kama Uingereza, majira ya baridi husimamisha mimea mingi kwa miezi kadhaa. Mkulima wa huko akiiacha bustani yake mwezi wa Novemba, ataikuta Februari karibu vile vile alivyoiacha. Kwetu magugu hayana likizo. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu hizi zetu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hivi hadi Juni, na ile ndogo kuanzia Septemba hadi Novemba. Hata katikati ya misimu hiyo manyunyu hayakosekani. Basi ukiigeuzia bustani mgongo miezi mitatu, umekwisha kuipoteza machoni.

Joto na unyevu hufanya jambo la pili ambalo wengi wetu hatulifikirii. Majani yakianguka chini huoza haraka na kuwa chakula cha mimea. Lakini chakula hicho pia huisha haraka, kwa kuwa mizizi hukinyonya na mvua hukisomba. Ndiyo sababu shamba linalolimwa msimu baada ya msimu bila kurudishiwa chochote huchoka hata kama udongo wake ni mzuri kama huu wetu mwekundu. Kichaka hakifanyi hivyo. Hudondosha majani siku zote, mizizi yake hushikilia udongo, na minyoo huendelea na kazi chini kwa chini. Kichaka juu ya ardhi ni kama kigaga juu ya kidonda. Hakipendezi, lakini chini yake mwili unapona.

Mtu asidhani natia chumvi. Nilichimba shimo la kina cha kiganja katika kichaka chetu, nikakuta udongo mweusi kiasi, laini, wenye minyoo saba. Hatua ishirini kutoka hapo, katika shamba la mahindi, nilichimba shimo kama hilo hilo. Udongo ulikuwa mgumu na sikuona hata mnyoo mmoja.

MJADALA WA MIKARATUSI

Bustani ninayoizungumzia ilikuwa ya nyanya yangu mzaa baba, magokoro kama tunavyosema kwetu. Alipofariki ilikaa miaka mitatu bila mtu kuigusa. Mwishoni mwa mwaka jana baba mkubwa alitoa shauri kwamba tupande mikaratusi, kwa sababu eti mahali pale pameharibika. Kwa heshima zote, shauri lake halikuwa la kipuuzi. Mkaratusi hukua upesi, nguzo zake zina soko, na hauhitaji kupaliliwa kila wiki.

Lakini tukumbuke ardhi yetu ni ndogo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 katika Kaunti ya Kisii, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Familia nyingi hazina kipande kingine cha kuhamia. Mkaratusi nao ukishashika ardhi hautoki kirahisi. Ukiukata, kisiki huchipua upya, na hunyonya maji mengi kuliko mboga yoyote inayojaribu kuota karibu nao. Kwa hiyo uamuzi ule haukuwa wa mwaka mmoja. Ulikuwa wa miaka mingi.

Mama alipiga hesabu. Mboga za kununua zilikuwa zikitugharimu takriban shilingi 40 kwa siku. Hizo ni shilingi 1,200 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 14,600. Aliomba apewe mwaka mmoja aone kama bustani inaweza kurudi. Baba mkubwa akakubali, ila alisema miche yake ya mikaratusi itangoja katika makopo. Mimi ndiye niliyepewa panga.

HATUA YA KWANZA: TAZAMA KABLA YA KUKATA

Mtu akiona kichaka, mkono humwasha. Anataka kufyeka siku hiyo hiyo. Ngoja kwanza! Haraka haraka haina baraka. Mwite mtu mzima anayeijua mimea, mzunguke naye polepole. Vaa gambuti na upigepige nyasi kwa fimbo ndefu mbele yako, maana nyoka hupenda mahali palipotulia.

Mimi nilimwomba mama mmoja mzee, jirani yetu. Alinionyesha mambo ambayo peke yangu nisingeyatambua. Katika kile nilichokiita magugu, aliokota chinsaga, yaani mgagani, iliyojiotea yenyewe kutokana na mbegu za zamani. Palikuwa na rinagu, ambayo Kiswahili huita mnavu. Nderema ilikuwa imepanda juu ya ua, na mboga ya malenge ilitambaa chini ya lantana. Palikuwa na mashina manne ya migomba yaliyosongamana, na mparachichi mmoja ulioviringwa na mitambaazi. "Mwanangu," akaniambia, "nyanya yako bado anawapikia, ila nyinyi hamji mezani."

Chora ramani ndogo kwenye daftari. Andika kila kitu chema kilipo na ukifunge kitambaa au kamba ili panga lisipite hapo. Angalia pia mimea inakuambia nini. Rinagu, mchicha na kishonanguo vikiwa na majani mapana ya kijani kibichi, ujue udongo una rutuba. Kangaga ikiwa imetawala, mara nyingi udongo una asidi. Mahali panapotuama maji baada ya mvua, weka alama, kwa maana mboga nyingi zitaozea hapo.

Tahadhari moja ni muhimu sana. Usile mmea ambao huujui kwa hakika. Mranaha, ule mmea wenye ua jeupe mfano wa tarumbeta na tunda lenye miba, huota katika mashamba yaliyoachwa, na una sumu kali kuanzia majani hadi mbegu. Ukiwa mchanga unaweza kumdanganya asiyeujua, akauchuma pamoja na mboga. Ung'oe na uutupe mbali na watoto.

HATUA YA PILI: KIPANDE KIMOJA KWA WAKATI

Bandu bandu huisha gogo. Bustani yetu ni kubwa kuliko darasa, na kama ningeifyeka yote kwa siku moja ningeshindwa kuitunza. Magugu yangerudi kabla sijapanda hata mche mmoja. Chagua kipande cha mita 3 kwa 4 hivi, kilicho karibu na jikoni. Kikamilishe, ukipande, ndipo uende kingine. Sehemu iliyobaki ifyeke tu juu juu kabla kishonanguo hakijatoa mbegu. Mmea mmoja wa kishonanguo unaweza kutoa mbegu elfu kadhaa, na wewe mwenyewe ndiwe unayezisafirisha kwa soksi na sweta ya shule.

Kuna sababu nyingine ya kwenda polepole. Kwetu ni nchi ya miteremko. Udongo ulioachwa wazi Machi, Aprili utakuwa umeteremka mtoni. Tazama Mto Gucha siku za mvua kubwa ulivyo mwekundu. Wekundu ule ni bustani za watu zinazokwenda Ziwa Viktoria. Kwa hiyo acha ukanda wa nyasi upande wa chini wa kila kipande, ukikata mteremko kwa upana, na matuta yako yafuate mkondo huo huo. Sisi wa Tabaka tuna msaada mwingine mlangoni, navyo ni vipande vya mawe ya sabuni vinavyotupwa na wachongaji. Mimi nimevipanga kwenye kingo za matuta. Si mbolea, lakini vinazuia udongo usiporomoke.

Wakati mzuri wa kuanza ni Januari na Februari, kabla ya mvua kubwa. Mizizi unayoing'oa hukauka juani badala ya kushika tena.

Wengine watakuambia uchome moto. Moto hauna shukrani. Naitrojeni iliyokuwa katika majani hupaa na moshi, na vijidudu vyema vya juu ya udongo hufa. Mizizi ya sangari nayo iko salama chini, inangoja mvua. Wengine watasema upulizie dawa ya kuua magugu. Dawa za aina hiyo nyingi hazijui kutofautisha chinsaga na kishonanguo, na pesa yake ingenunua mboga ya wiki kadhaa.

HATUA YA TATU: MJUE ADUI WAKO

Magugu si kabila moja. Kila moja lina njia yake.

Kishonanguo na wenzake wa msimu mmoja huishi kwa mbegu. Hawa ni rahisi. Wang'oe au uwafyeke kabla ya kuchanua, kisha uwatandaze palepale wawe matandazo. Ukichelewa wakatoa mbegu, usiwaweke kitandani mwa mboga.

Sangari ndiyo inayovunja watu moyo. Ina mizizi mirefu myeupe inayotambaa chini ya ardhi, na kila pingili ina uwezo wa kuwa mmea mpya. Jirani mmoja alikodi ng'ombe wa plau wamlimie bustani iliyojaa sangari. Plau ilikatakata mizizi, na baada ya mvua ya wiki chache kila kipande kikawa mmea! Dawa yake ni foko jembe, lile jembe la meno. Choma ardhini, inua, tikisa udongo, kisha vuta mzizi mzimamzima kwa mkono. Itandaze mizizi juu ya jiwe au bati mpaka ikauke iwe kama nyuzi. Usiitie katika mbolea ikiwa bado mbichi. Sangari pia haipendi kivuli. Ukipanda viazi vitamu au malenge mahali ulipoing'oa, majani yatafunika ardhi na kuidhoofisha ile iliyobaki.

Ndago nayo ina viazi vidogo chini, vilivyoungana kama shanga. Ukikata majani peke yake umeinyoa tu. Chimba kiazi chenyewe, na urudi tena na tena kila ichipuapo, mpaka akiba yake iishe.

Lantana haing'oki kwa hasira. Kata matawi kwanza, vaa kitu kizito mikononi kwa sababu ya miiba, kisha chimba shina pamoja na mizizi yake. Acha hata kisiki kidogo, na baada ya mwezi utakutana nayo tena.

HATUA YA NNE: ULISHE UDONGO

Nimesema kichaka kimeupumzisha udongo. Lakini ukianza kuvuna, unaanza kuchukua. Lazima urudishe.

Kwanza ni matandazo. Nyasi kavu na majani ya migomba yaliyotandazwa unene wa vidole vinne hivi huzuia jua lisikaushe udongo, hupunguza nguvu za matone ya mvua, na huyanyima magugu mwanga. Usiyasogeze mpaka kwenye shina la mche, kwani unyevu mwingi hapo huleta kuoza.

Pili ni mbolea ya mboji. Chagua mahali penye kivuli, upange tabaka kwa tabaka. Anza na vijiti vya kupitisha hewa, kisha majani makavu, majani mabichi na maganda ya jikoni, samadi kidogo na udongo kidogo. Rudia mpaka lundo lifike karibu mita moja na nusu. Nyunyiza maji na ufunike kwa majani ya mgomba. Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoe uiguse. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Geuza lundo kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwa muda wa miezi mitatu hivi utapata mbolea nyeusi isiyonuka.

Tatu ni titonia, ule mmea wa kando ya njia wenye ua la manjano linalofanana na alizeti. Asili yake ni nchi za Meksiko na Amerika ya Kati, lakini sasa umejaa kwetu kila mahali na hakuna anayeulipia. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Maseno, magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba majani yake mabichi yana naitrojeni na potasiamu kwa wingi, pamoja na fosforasi. Yakatekate na kuyafukia kwenye tuta wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Waweza pia kuyaloweka katika ndoo iliyofunikwa kwa wiki mbili, kisha uchanganye yale maji na maji safi na kumwagilia miche. Harufu yake, wenzangu, si ya kusimulia. Mboga zenyewe hazilalamiki.

HATUA YA TANO: PANDA KILICHO CHA HAPA

Anayeanza hushawishika kupanda kabeji na nyanya. Hizo ni mboga nzuri, lakini zina wadudu na magonjwa mengi. Anza na zile ambazo tayari zimekuonyesha kuwa zinapapenda hapo.

Mbegu za chinsaga ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga ili zisirundikane, uzipande moja kwa moja kwenye tuta kwa kina kisichozidi sentimita moja, kisha upunguze miche ikishaota. Baada ya wiki sita hivi huanza kuchumwa. Kata ncha kila mara, na ua likitokea livunje, ili mmea utoe majani badala ya mbegu. Acha mashina mawili matatu ya kutolea mbegu za msimu ujao. Rinagu huanzia katika kitalu na kuhamishwa ikiwa na majani manne au matano, kwa nafasi ya karibu sentimita 30. Sukuma wiki huhitaji nafasi kubwa zaidi, karibu sentimita 60. Hamisha miche jioni, umwagilie, na uiwekee kivuli cha majani kwa siku chache.

Baadhi ya wenzetu huona haya kula mboga za kienyeji, eti ni za wazee. Wajue kuwa Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta amezitafiti mboga hizi hizi kwa miaka mingi. Ameeleza kuwa utotoni mwili wake haukupatana na nyama, mayai wala maziwa, hivyo akalelewa kwa mboga za kienyeji. Alipokwenda kusomea kilimo, alikuta zikiitwa magugu. Hakukubali jina hilo, na leo tunajua kutokana na kazi yake na ya wenzake kwamba mboga hizi zina madini ya chuma na vitamini kwa wingi, na zinavumilia shida kuliko mboga nyingi za kigeni. Basi ukimwona mtu akiifyeka chinsaga ili apande kabeji, mwonyeshe ukurasa huu.

HATUA YA SITA: MIGOMBA

Migomba iliyoachwa huzaa machipukizi mengi, yote yananyang'anyana chakula, na mikungu inakuwa midogo. Kanuni ni rahisi kukumbuka: acha mama, binti na mjukuu. Mama ni mgomba wenye mkungu au unaokaribia kuzaa, binti ni chipukizi kubwa lenye afya, na mjukuu ni chipukizi dogo. Wengine wote waondoe. Majani makavu na mashina yaliyokwisha kuzaa yakatekate na kuyatandaza hapo chini.

Kabla ya kutoka shina moja kwenda jingine, pitisha makali ya panga motoni mpaka yapate moto sawasawa. Kuna ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ambao uligunduliwa nchini Uganda mwaka 2001 na baadaye ukaingia Kenya. Huenezwa na panga, na wadudu wanaotembelea ule moyo wa zambarau unaoning'inia chini ya mkungu. Mgomba ulioambukizwa hunyauka, ndizi zake huiva kabla ya wakati, na ukiukata hutoa utomvu wa manjano. Baada ya chana la mwisho kutokea, ondoa ule moyo kwa kijiti chenye panda, usitumie panga.

TUMEFIKA WAPI?

Mimi hufanya kazi nusu saa asubuhi kabla ya shule na saa moja jioni, siku zisizo na mvua. Jumamosi huongeza kidogo. Kufikia mwisho wa muhula wa pili nilikuwa na matuta sita. Mama sasa hununua mboga mara moja kwa wiki, wakati mwingine hanunui kabisa, na jirani wawili huja kuchukua chinsaga kwa fungu. Mgomba wa kwanza niliouacha na binti na mjukuu wake umetoa mkungu uliohitaji kuegemezwa mti usianguke.

Kazi haijaisha. Nusu ya juu ya bustani bado ni kichaka, na sangari hurudi nikiugua hata siku tatu. Hapo ndipo nimejifunza kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Gugu lenye majani mawili huondolewa kwa kidole, na lile la mwezi mmoja linataka jembe. Miche ya baba mkubwa nayo bado imo katika makopo, imefika magotini. Tumekubaliana kuwa Desemba, familia ikiwa pamoja, tutaamua nini kifanyike na ile nusu ya juu. Baba mkubwa alipita juzi, akasimama kwenye matuta kitambo, akauliza kama rinagu ile inatosha ya kupeleka kwake. Nikamchumia kapu zima. Kuhusu mikaratusi hakusema neno, wala mimi sikumwuliza.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tunatoka katika boma lenye kipande kama hiki. Huhitaji pesa za kuanzia. Mchagua jembe si mkulima, hata lile lenye mpini uliopasuka litafaa. Jumamosi hii mchukue mtu mzima anayeijua mimea, mzunguke naye katika kichaka chenu, na uandike kila anachokitaja. Wanaojua majina na matumizi ya mimea hii wanazeeka, na vitabu vyetu havina yote waliyo nayo. Naweka kalamu chini, panga linaningoja.